Mbege Iliyoganda

Mwezi uliopita nilikwenda Kista, pembeni mwa Stockholm, kununua viatu vya baridi, nikakuta wamesimamisha mahema nje ya jengo la maduka, watu wamejazana wanakunywa bia juu ya theluji. Baridi ilikuwa ile inayokausha pua mpaka ndani. Kijana mmoja alifungua pipa, na harufu ya shayiri iliyokaangwa ikanifikia pale nilipokuwa. Viatu sikununua tena siku hiyo. Nilisimama na mfuko wangu mtupu mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, kwa sababu harufu ile ilikuwa imenipeleka kwenye uwanja mwingine, nikiwa na miaka minane na wivu ambao mpaka leo sijaonja mwingine wa kuulinganisha nao.

Wenzangu wa rika langu mliokulia huku mnaikumbuka Stockholm ya wakati ule. Tulikuwa wachache kiasi kwamba baba yako akimwona Mwafrika upande wa pili wa stesheni, anapanda ngazi na kushuka ngazi ili tu akamsalimie. Sisi tulikaa Rågsved, ghorofa ya tatu, baba, mama na mimi. Baba aliletwa na kiwanda cha bia cha nyumbani ajifunze upishi wa bia, na mafunzo yakageuka kuwa kazi. Mama alikuwa muuguzi msaidizi hospitalini. Mimi nilikuwa mtoto wao mmoja, au ndivyo nilivyojua.

Baba akirudi kazini tulikuwa na mchezo wetu. Kabla hajavua koti alininyoshea mkono, mimi nainusa ile sehemu ya kiwiko na kubahatisha siku ile alipika bia gani, nyeusi au nyeupe. Nikipatia, ananibeba mabegani mpaka jikoni. Nikikosea, ananibeba vilevile. Nilikuwa nakosea mara nyingi, na sikuona sababu ya kujifunza zaidi.

Barua ilikuja majani yakipukutika. Baba aliisoma amesimama mlangoni, koti bado mwilini, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji na kukaa humo muda mrefu. Nilimwuliza mama kuna nini.

"Bibi yako wa Machame amepumzika," mama akasema.

Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni: njoo, kula, vaa, lala. Mama alinisemesha kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiswidi. Lakini kupumzika nilikujua. Mama akitoka zamu alipumzika na mlango ukifungwa, na sisi tukatembea kwa soksi. Kwa hiyo nilielewa kwamba kule mlimani, kwa mwanamke niliyemjua kwa picha moja tu, mlango umefungwa na watu wanatembea kwa soksi. Niliona ni jambo jema. Sikuelewa kwa nini baba alitoka bafuni macho mekundu.

Baada ya majuma kadhaa wakaniketisha mezani. Baba akaniambia nina dada. Aliitwa Manka, alikuwa na miaka kumi na mitatu, alimzaa kabla ya kumwoa mama, na bibi ndiye aliyekuwa akimlea. Sasa bibi amepumzika, kwa hiyo Manka anakuja kukaa nasi. Mimi nikaunganisha mambo kwa akili yangu: mtoto huyo amemchosha bibi. Bibi akishapumzika vya kutosha, atarudishiwa mtoto wake.

Manka alishuka kwenye ndege na gauni la pamba, sweta moja, na kifuko cha nguo kilichoshonwa mdomo ambacho alikikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kitoto. Baba alimvalisha kofia yake ya manyoya palepale uwanjani, akamfunga kamba chini ya kidevu. Halafu akamwita mama.

"Karibu, mama. Pole na safari, mama."

Nilimtazama mama yangu halisi. Hakushtuka. Baadaye alinieleza kwamba Manka alipewa jina la mama yake baba, na mwanamume akiwa na binti mwenye jina la mama yake humwita hivyo. Mimi nilipewa jina la shangazi. Nililala nikipiga hesabu ya jambo hilo. Baba hakuwa na neno kubwa kuliko hilo, na alikuwa ameshalitoa.

Siku ya nne au ya tano baba alirudi kazini, akaninyoshea mkono. Nikanusa. "Nyeusi," nikasema. Manka alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, akifunga nyuzi za viatu alivyoazimwa. Bila kusimama, akainua uso.

"Nyeupe," akasema taratibu. "Tena imeanza kuchachuka."

Baba alibaki ameduwaa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kweli siku ile pipa moja la bia nyeupe liliharibika. "Pua ya mama yangu hiyo! Pua yenyewe!" Akasema maneno mengine kwa Kichaga, Manka akamjibu kwa Kichaga, wakacheka tena. Siku hiyo nilikwenda jikoni kwa miguu yangu.

Nikianza kuwahesabia mliokaa mnasoma mambo yote niliyomwonea wivu dada yangu majira yale, mtanicheka. Nilimwonea wivu kofia. Nilimwonea wivu alivyopiga magoti kidogo akimwamkia baba, na baba alivyonyoka mgongo akiitikia. Nilimwonea wivu hata woga wake wa ngazi zinazotembea, kwa sababu baba alimshika mkono kupanda, na mimi niliyezipanda tangu nikiwa na miaka mitatu nikabaki nyuma nimeshika mkanda wa raba.

Kila siku nilingoja habari kwamba bibi ameamka. Mara moja niliuliza mezani, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, "Bibi bado anapumzika?" Baba aliweka kijiko chini, akaondoka. Mama akanitazama kana kwamba nimevunja kitu.

Kile kifuko kilichoshonwa mdomo kilikuwa na ulezi. Ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukachanganywa na magome ya mti ya kutia uchungu. Wakati baridi imekaza, baba alileta makasha mawili ya ndizi, akayaweka bafuni karibu na bomba la moto mpaka zikawa nyeusi. Halafu wakaanza kupika mbege, pombe ya Kichaga, yeye na Manka. Ndizi zilichemshwa kutwa nzima kwenye sufuria kubwa la kuazima, madirisha yakatoa jasho, jirani wa chini akapanda kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Baba, mwenye cheti cha upishi wa bia kilichotundikwa ukutani, alikuwa akiamrishwa na mtoto.

"Baba, moto mwingi huo."

"Ndiyo, mama."

"Usikoroge sasa. Iache."

"Naiacha, mama."

Nikaomba mwiko. Manka alinipa bila ubishi, lakini baba akanipokonya. "Utaungua wewe. Mwachie dada yako." Nilikwenda kukaa kwenye vigae vya bafuni, katikati ya maganda ya ndizi.

Kiwandani kwao walikuwa na desturi. Jumapili moja katikati ya baridi, wafanyakazi na familia zao walikutana uwanjani, kando ya ziwa lililoganda, wakafungua bia nyeusi iliyopikwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Waliwasha moto kwenye mapipa ya chuma, wakachoma soseji, mzee mmoja akapiga kodiani huku amevaa glavu zilizokatwa vidole. Watoto tulipewa kinywaji kitamu cheusi cha shayiri, cha moto, kwenye vikombe vya bati. Kila mwaka nilikuwa nakwenda na baba peke yangu, maana mama alikuwa na zamu. Ilikuwa siku yangu kuliko hata Krismasi. Mwaka huo msimamizi wa baba, mzee Gunnar, alimwambia alete bia ya kwao.

Asubuhi ile niliwakuta wameshamimina mbege kwenye ndoo kubwa ya alumini ya maziwa, yenye mfuniko, na kuifunga juu ya kigari cha mbao cha kuburuta kwenye theluji. Waliivika blanketi la sufu. Juu ya blanketi la sufu, wakaifunika farishi langu. Farishi langu nene la kujifunikia, lenye sungura wa kitambaa aliyeshonewa juu, nililolalia tangu nazaliwa. Hakuna aliyeniuliza.

"Lazima iwe na joto," baba akasema aliponiona nimekodoa macho. "Ikipoa sana itakufa."

Tuliiburuta mpaka kwenye treni, tukashuka mjini, tukaiburuta tena. Kipimajoto kwenye ukuta wa kiwanda kilisoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Pumzi za watu zilisimama hewani kama nguo kwenye kamba. Bia ikimiminwa, povu liliganda ukingoni mwa kikombe kabla ya mdomo kufika, na wanaume wenye masharubu walikuwa na vipande vya barafu vinavyogongana wakicheka.

Safari hii walikuwepo pia Watanzania, wanafunzi wanne watano, na Bwana Hamadi wa Unguja aliyekaa Hässelby, ambaye kileo hakukigusa maishani mwake. Nilishangaa amefuata nini. Mmoja mmoja walimshika baba mkono kwa mikono miwili, wakasema kwa sauti ya chini, "Pole, bwana. Pole sana." Nikafikiri wanampa pole ya baridi.

Ndoo iliwekwa nyuma ya ghala, kwenye kivuli, ili watu wasiigonge. Manka akaambiwa ailinde. Mimi nilizunguka na kikombe changu cha bati, nikirudi kila mara kumtazama. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kigari na kofia ile kichwani, mkono mmoja umewekwa juu ya sungura wangu.

"Baba anakuita," nikamwambia. "Pale kwenye moto."

Baba hakumwita mtu. Lakini Manka alipofika pale, baba alifurahi kumwona, akamzungusha bega na kuanza kumjulisha kwa wenzake. "Binti yangu," nilimsikia akisema kwa Kiswidi kwa kila mmoja, "binti yangu." Mimi hakunijulisha kwa mtu. Walikuwa wananijua tangu nikiwa mgongoni, lakini hilo halikunijia akilini.

Nikalivua farishi langu. Nilipolitoa niliona blanketi la sufu limebaki limeizunguka ndoo vizuri, kwa joto, kama mtu aliyelala. Nikalivua na hilo. Nikalegeza na mfuniko. Nikachukua vyote viwili, nikaenda kukaa nyuma ya mapipa matupu, nikajifunika, na nikasikia raha. Siwezi kudanganya juu ya hilo. Nilikaa humo nikisikiliza kodiani mpaka jua likashuka nyuma ya mabohari na kivuli kikawa cha buluu.

Ndipo mzee Gunnar alipogonga pipa kwa upawa. Watu wakanyamaza. Wanaume wawili walileta ndoo katikati ya uwanja. Baba alivua kofia yake ya kazini, akasema kwa Kiswidi chenye lafudhi kwamba bia hii ni ya mama yake. Kisha akafunua mfuniko.

Juu palikuwa na barafu ya rangi ya kahawia, imepasuka katikati. Aligonga kwa kata. Ikalia kama jiwe.

"Nani alitoa mablanketi?" akauliza kwa Kiswahili, polepole.

Manka aliyatazama yale mapipa matupu, akaliona sikio la sungura limechomoza. Akanitazama mimi. Kisha akapiga hatua mbele.

"Ni mimi, baba. Nilidhani inachemka sana. Nikayatoa, nikasahau kuyarudisha."

Nilisubiri ngurumo. Baba alikuwa na sauti kubwa. Badala yake alivua glavu, akaweka kiganja kitupu juu ya kichwa cha Manka, katika baridi ile, akakiacha hapo. "Haidhuru, mama," akasema. "Haidhuru."

Nitawaeleza kilichonipata kama kilivyokuwa. Sikuona haya. Haya ilikuja baadaye. Nilichoona ni kwamba kazi nimeifanya mimi, na kiganja amepewa yeye. Hata kosa langu amelichukua, na msamaha wake akauchukua palepale.

"Det var jag!" nikapiga kelele, ni mimi, nikatoka nyuma ya mapipa nikiburuta farishi. "Si yeye! Ni mimi!"

Uwanja mzima uligeuka. Baba akaja, akachuchumaa mbele yangu. Kiganja hakukiweka popote.

"Kwa nini, Aika?"

"Ni farishi langu," nikasema. Na kwa kuwa aliendelea kunitazama, nikaongeza, kwa Kiswahili, ili aone na mimi naweza: "Bibi akimaliza kupumzika, ataotesha ulezi mwingine."

Wanafunzi waliinamisha vichwa. Bwana Hamadi akasema jina la Mungu kwa sauti ndogo. Manka ndiye aliyepiga magoti kwenye theluji na kunishika mikono yote miwili.

"Aika, sikiliza. Bibi amekufa. Amezikwa kabla barua haijafika hapa. Kupumzika ni kufa. Ulezi huu aliuotesha yeye, akausaga yeye, kisha akaugua. Nilipokuja nilimletea baba kwa sababu hakuwahi kumzika. Hakuna mwingine."

Nikamtazama baba. Machozi yalikuwa yameganda kwenye kope zake. Na zile pole zote nilizosikia tangu mchana zikarudi masikioni mwangu, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa ya baridi.

Mzee Gunnar hakuelewa maneno, lakini alielewa barafu. Aliinama, akaigonga sehemu mbalimbali kwa kifundo cha kidole, kama daktari agongavyo kifua. Akamwambia baba kwamba maji ndiyo huganda kwanza, na kwamba baba mwenyewe kama mpishi wa bia anajua hivyo, ila leo amesahau. Akatuma keekee iletwe kutoka karakana. Wakatoboa katikati, mzee akizungusha na baba akiishikilia ndoo kwa magoti, na baada ya muda kidogo kikachuruzika kitu kizito, cheusi kuliko kawaida. Moyo wa ile mbege haukuwa umeganda. Walipata kata tatu na nusu.

Ya kwanza baba aliimimina kwenye theluji, akisema maneno ya Kichaga ambayo Manka aliyaitikia na mimi sikuyajua. Ya pili alikunywa yeye, kisha Manka, kisha Gunnar, aliyefumba macho na kutikisa kichwa kwa heshima. Iliyobaki ikazunguka. Bwana Hamadi aliipokea kata kwa mikono miwili, akaishika kitambo bila kuipeleka mdomoni, akampa aliyefuata. Ilinifikia mimi mwisho kabisa. Baba akaniambia nichovye kidole. Ilikuwa tamu, halafu chungu, chungu ya magome ambayo nilishangaa kwamba yametoka kwa mtu anayenihusu.

Kurudi, tuliambiwa mimi na Manka tuburute kigari mpaka stesheni. Theluji ililia chini ya viatu vyetu. Tulikwenda hadi darajani.

"Kwa nini ulisema?" Manka akauliza. "Nilikuwa nimeshalimaliza."

"Kwa sababu alikushika kichwa."

Alisimama, akanitazama, akaanza kucheka, cheko ambalo halikuwa na ubaya. "Na wewe?" nikamwuliza. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Wewe ungegombezwa. Mimi hawezi kunigombeza, ananionea huruma. Kila siku ananionea huruma." Akavuta kamba. "Unaamka asubuhi mama yako anakupigia kelele kwa sababu ya soksi. Mimi nalala macho nazisikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kunijia kwamba nilikuwa na kitu cha kuonewa wivu, na nikakiangalia kwa mashaka, kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

Nyumbani mama aliposikia alinyanyuka kunipa haki yangu, baba akamzuia. "Mwache. Alisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha." Na hiyo ikawa hadithi yake. Kwa miaka mingi, kila mgeni aliyekuja kwetu aliisikia: mbege iliganda, dada mtu akataka kumkinga mdogo wake, na mdogo, mtoto wa miaka minane, akajitokeza mbele ya watu wote kusema kweli. "Huyu hasemi uongo," baba angemalizia, akininyoshea kidole. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa ambayo hakumpa Manka, nami niliipokea kila mara nikiwa nimetazama sahani. Manka alikuwepo mezani mara nyingi. Hakusema kitu. Alimaliza shule huku, akarudi Moshi akiwa msichana mkubwa, akaolewa huko, na huko ndiko aliko. Baba naye tumeshamzika, wote wawili tukiwepo.

Usiku wa siku ile ya Kista ulininyima usingizi, na asubuhi nilimpigia simu. Nikamwambia nimebeba sifa isiyo yangu zaidi ya nusu karne, kwamba alikufa akiamini nilisema kweli kwa sababu ya ukweli, na kwamba nilipaswa kumwambia.

Manka alinisikiliza mpaka mwisho. "Baba alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Yote. Siku ileile, kwenye treni. Wewe ulikuwa umelala na mdomo wazi. Akaniambia, mama, huyu mdogo wako hakusema kwa ajili ya ukweli, amesema kwa ajili yangu, ni wivu unamwunguza. Akasema nisimwambie mtu. Akasema ataisimulia hivyohivyo kila siku, kwa sababu mtoto akiambiwa mara nyingi kwamba ni mkweli, atajikuta amekuwa."

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, mwanamke mwenye wajukuu watatu. Nilipaswa kulia, au kumshukuru Mungu. Lakini niliusikia uso wangu ukipata moto, taratibu, kuanzia shingoni.

"Na hilo nalo," nikasema, "alikuambia wewe?"

Manka alicheka mpaka ikabidi aiweke simu chini.